Mabakuli Mawili ya Mtoto Mmoja

Mama yangu hajawahi kukosea. Mkitaka uthibitisho muulizeni mwenyewe. Kwa miaka ishirini na sita alifagia ofisi za watu, ghorofa tatu, ngazi sitini na mbili, na mpaka leo atakwambia kwamba tangu aondoke jengo lile halijawahi kuwa safi. Akinuna, hununa kwa mpango: kwanza anaacha kukuita jina, halafu anaacha kukujibu, halafu anaacha kukuona. Nilipokuwa msichana niliwahi kulala naye chumba kimoja siku kumi na moja bila kuonekana, kisa nilivunja kikombe nikasingizia paka.

Nayasema haya bila kuona aibu, maana yeye huyasema mabaya zaidi juu yangu, tena kwa majirani. Nampenda, sikatai. Ila mapenzi yangu kwake huwa ni ya jioni, nikishapumzika. Mchana kutwa huwa namkasirikia.

Alikuja kwetu mwanangu alipokuwa na miezi mitano na nusu, kwa sababu likizo yangu ilikwisha. Mimi hushona kola za mashati ya shule kwenye karakana yenye cherehani arobaini. Sishoni shati, nashona kola tu, nageuza ncha, napiga mshono wa juu, natupia kapuni kwa mwenzangu anayeziunga. Msimamizi aliniambia nafasi yangu inanisubiri mpaka Jumatatu, na kwamba Jumanne ni siku nyingine. Mume wangu ni fundi mwashi, na wakati huo alikuwa juu ya jukwaa akijenga ghorofa la watu. Nikampigia mama. Akaja na sanduku moja kubwa na mwiko wake wa kusongea, na kabla hata hajakaa akasema chakula cha mtoto atakishika yeye.

"Nimelisha watoto kabla wewe hujajua kushika kijiko," alisema.

Siku ya tisa ubao ulihama pale juu ya jukwaa, mume wangu akahama nao. Mguu ulivunjika mahali pawili. Wakamfunga plasta kutoka pajani mpaka vidoleni, wakampa magongo na kumwambia miezi mitatu asiote hata ndoto ya kupanda ngazi. Kwa hiyo nyumba yetu ya vyumba viwili ikawa na watu wazima wawili wasio na kazi, na mtoto mmoja katikati yao. Nilimshukuru Mungu, tena kwa sauti, kwamba mwanangu amepata walezi wawili badala ya mmoja. Nilikuwa mjinga.

Mtoto tulimwita Bonge. Alizaliwa na kilo nne kasoro kidogo, mapaja yana mikunjo, mpaka mkunga alicheka. Jina lilitoka kwa baba yake siku hiyo hiyo, likamganda.

Alipotimiza miezi sita tulimpeleka kliniki, mimi na mume wangu na magongo yake. Nesi wa pale hana simile na mtu. Hakusalimu, hutuita kwa namba za kadi. Lakini alichukua kijiko, akachota uji kwenye bakuli la mfano, akakiinamisha mbele yetu sote.

"Ukimwagika, huo ni wako, kunywa mwenyewe," alisema. "Wa mtoto unabaki hapa hapa kijikoni, unamsubiri. Tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Ukilijaza maji, chakula kitakaa wapi?"

Akatuambia tuongeze mafuta kidogo, karanga zilizotwangwa laini, na siku nyingine tumpondee boga, kiazi, ndizi, yai lililoiva vizuri, kimoja kimoja mpaka azoee. Maziwa ya mama yaendelee. Mume wangu alifurahi kweli, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu aanguke mtu alikuwa anamweleza jambo analolijua.

"Kumbe ni kama udongo wa saruji," alininong'oneza. "Ukiteleza mwikoni, hujengi."

Jumamosi iliyofuata mtoto akala uji wa kwanza, na mama ndiye aliyeupika. Alipika anavyojua yeye: kiganja kimoja cha unga, sufuria tele la maji, akachuja kwa kitambaa, akachuja tena. Majirani wawili wa uani walikuwa wamekaa nasi, mmoja wao ni yule mama anayecheka kila kitu, hata misibani hukaa nyuma ili asionekane. Mume wangu alikuwa kwenye kigoda, mguu ameulaza juu ya ndoo. Akakiomba kijiko. Mama akampa, akidhani anataka kuonja. Akachota, akakiinamisha, uji wote ukarudi bakulini chuu.

"Mama," akasema, mbele ya wageni wote, "haya si maji ya kunawia mikono?"

Jirani akacheka. Kwake yeye hicho kilikuwa kicheko cha kawaida, lakini kiliibomoa nyumba yangu. Mama aliweka bakuli chini polepole.

"Mkwe," akasema, "nimekusikia."

Kwa wiki saba zilizofuata hakumwambia neno jingine. Na mume wangu, ambaye angeweza kusema samahani mama akaishia hapo, naye akakaza shingo. Alisema yeye amesema ukweli, na ukweli hauombewi radhi. Ndipo wakaanza kusemeshana kupitia kwa mtoto.

"Mwambie baba yako asogeze magongo, watu tunapita."

"Mwambie bibi yako magongo hayana pa kukaa. Nyumba imejaa sanduku lake."

"Mwambie baba yako sanduku hili limeletwa na mtu mwenye miguu miwili mizima."

Bonge alikuwa katikati ya mkeka, mate yanamtoka, anageuza kichwa huku na huku akiwatazama. Mwanzoni nilicheka. Nilijiambia watachoka. Hawakuchoka, walizidi kunoa. Nilipowashika mmoja mmoja na kuwaambia waongee kama watu, mume wangu aliniuliza kosa lake ni lipi, na mama akaniambia hana neno, nyumba ni yetu. Mama akikwambia hana neno, jua yamemjaa mpaka kooni.

Basi mimi niliyekuwa natoka alfajiri na kurudi jua likizama nikawa ndiye wa kugawa zamu. Asubuhi, saa nne, baba apike uji na alishe. Mchana, saa saba, bibi aponde boga na yai au kiazi. Na kwa kuwa saa hizo ndiyo zamu yetu ya bomba la uani, bibi aende kufua nepi na baba alishe. Nilileta unga, nilitwanga karanga mwenyewe, nilinunua mayai. Jioni nikifika, kabla sijavua viatu, nauliza.

"Bakuli zima," anasema mume wangu. "Amelamba."

"Mtoto wangu anakula," anasema mama, macho dirishani. "Sahani imerudi tupu."

Na kweli mabakuli yote mawili nilikuwa nayakuta yameoshwa, yamefunikwa juu ya kabati. Nikaamini. Nampa ziwa, namlaza, nalala.

Alipotimiza miezi saba tukapima: kilo saba na gramu mia mbili, vile vile kama mwezi uliopita. Nesi akauliza anaumwa, nikasema hapana. Anaharisha? Hapana. Akaweka nukta kwenye kadi, sambamba na nukta ya nyuma. Alipotimiza minane mizani ikasoma kilo saba na mia moja. Nesi akainua uso na kuniangalia, na kwa mara ya kwanza hakunitaja kwa namba.

"Mama, huyu anapungua. Mnampa nini?"

Nikamtajia yote, uji mzito, karanga, boga, mayai. Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyekutwa na kuku asiye wake.

"Hivyo unavyovitaja havimo ndani ya huyu mtoto," alisema. Akamshika mkono, akavuta ngozi ya juu ya kiwiko kwa vidole viwili. Ilivutika. "Nakupa wiki mbili. Asipoongezeka namwandikia kulazwa. Na nikwambie, wodi ile wapo tunaowapokea wakiwa wameshachelewa."

Njiani nilikuwa namshika Bonge mapaja, natafuta ile mikunjo, siipati. Nilikuwa nimeona wazi kwamba mtoto anakonda, ila nilijiambia anarefuka. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Nyumbani niliwakalisha wote wawili nikawasomea kadi. Mnadhani waliona aibu?

"Mwambie mama yako," mama akamwambia mtoto, "bakuli langu linaisha. Aulize kuhusu la asubuhi."

"Mwambie mama yako," mume wangu akadakia, "la asubuhi linalambwa. Aulize vizuri hilo la mchana."

"Acha kumwita Bonge," nilimwambia mume wangu usiku huo huo, ingawa hakuwa amemwita. Sikujua nimkasirikie nani, nikaanza na aliye karibu. Yeye mwenyewe alikuwa amejaa mashavu siku hizo. Jirani anayecheka alimtania kwamba plasta itapasuka. Tulisema ni kukaa bure.

Alhamisi ya wiki ile nilifika kazini nikakuta transfoma ya barabarani imelipuka. Cherehani arobaini zimenyamaza, tumekaa kama watu waliokosa msiba wa kwenda. Saa tatu na nusu msimamizi akatuambia twende nyumbani. Nilipofika niliona mlango wa mbele umefungwa kwa komeo, nikazungukia uani. Dirisha la jikoni ni la wavu. Nikasimama pale, na nilichokiona kikanizuia kuita hodi.

Mume wangu alikuwa kwenye kigoda, mbele ya jiko la gesi, anakoroga. Uji ulikuwa unachemka kwa mapovu mazito. Akatia karanga, akatia mafuta, akachota kijiko, akakiinamisha, uji ukakaa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, mwashi mzima mzima. Akaumimina kwenye bakuli la bluu, akaliacha mezani lipoe, akachukua magongo yake kwenda chooni, upande wa pili wa nyumba, safari ambayo kwa mguu ule humchukua dakika kumi.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama akatoka na mtoto mgongoni, mkononi ana birika. Hakutazama kulia wala kushoto. Akamwaga maji ya vuguvugu bakulini, akakoroga, akaona limejaa, akapunguza nusu kwenye beseni la maji machafu, akamwaga maji tena. Aliinamisha kijiko mpaka uji ukachuruzika anavyotaka.

"Haya," akamwambia mjukuu wake taratibu. "Sasa utameza bila kupaliwa."

Akamweka kwenye mkeka, akarudi chumbani na birika lake. Mume wangu akaja, akachota, ukachuruzika. Akasonya.

"Unga huu wameuchakachua," akasema peke yake, akaanza kulisha.

Huyu ni fundi wa miaka kumi na minne. Maisha yake yote amechanganya vitu, na hakuwahi kujiuliza kwa nini kitu kinachopoa kinageuka maji. Mtoto alikunywa kwa pupa, tumbo likamjaa ti, macho yakalegea. Nilitaka niingie kwa kuvunja wavu. Kilichonizuia ni hesabu ndogo: uji wa maji unaeleza bakuli moja. La pili je?

Nikaenda kwa jirani anayecheka, nikamwambia nataka kukaa nyuma ya pazia lake mpaka saa saba na asiniulize. Siku hiyo hakucheka. Alinipa kiti na chai, sikuinywa.

Saa saba mama akaja uani na beseni la nepi. Kabla hajatoka niliisikia sauti yake ndani.

"Mwambie baba yako chakula chako hiki hapa, na kijiko hiki hapa. Boga na yai. Asiseme hajaona."

Akaja bombani, akainama, akaanza kufua. Nikapita nyuma yake kwa vidole, nikarudi dirishani. Mume wangu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, amejiegemeza meza, bakuli jeupe mkononi. Alikuwa anakula. Vijiko vinne, vitano, haraka haraka, bila kutafuna. Alibakiza kidogo, akampaka mtoto mdomoni na kidevuni kama mtu anayepaka rangi mlango. Mtoto akatoa ulimi, akalamba, akanyoosha mkono kwenye bakuli. Baba yake akalifuta kwa kidole akaramba.

Sikumbuki nilivyouzunguka ukuta. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa ndani, na bakuli lilikuwa mkononi mwangu.

"Umeshiba?" nilimuuliza.

Alikuwa na boga kwenye masharubu. Akakaa kwenye kigoda kwa kishindo.

"Wiki ya kwanza mtoto alipaliwa na kiazi cha mama," akasema. "Uso ukawa mwekundu, halafu ukawa sijui rangi gani. Nipo peke yangu, mguu huu, siwezi hata kukimbia kuita mtu. Kilitoka chenyewe. Tangu siku hiyo kila nikiona mabonge yake nasikia kama nakufa."

"Ukashindwa kumwambia aponde vizuri?"

"Hatusemeshani," alisema, kama vile ni ugonjwa walioandikiwa na daktari. "Na kutupa chakula ni dhambi."

Mama akaingia na mikono inadondosha maji. Aliona bakuli, aliona masharubu, akaelewa yote kwa mara moja, na uso wake ukang'aa. Haki ya Mungu uling'aa. Wiki saba alikuwa akisubiri siku hiyo.

"Mwambie baba yako—"

"Mtoto hamwambii mtu kitu!" nilipiga kelele. "Na wewe mama, birika liko wapi?"

Ule mng'ao ukaondoka. Hakukana, mama huwa hakani, hilo namsifu. Alijifuta mikono kwenye kanga, akanyoosha mgongo.

"Uji ule ni mzito. Mtu anamlisha mtoto zege halafu anashangaa hakui. Nyinyi wote mlikua kwa uji wangu."

"Si wote," nikasema. "Mdogo wangu hakukua."

Kwetu jambo hilo halisemwi. Aliyenifuata mimi alikufa na miezi tisa, mimi nikiwa na miaka mitano, na kwa miaka yote tumemtaja kama yule aliyetangulia, alipatwa na homa, basi. Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa na hasira ya miezi miwili, na nilikuwa nimeona birika kwa macho yangu.

"Homa ilimkuta mifupa mitupu," nikaendelea. "Nakumbuka. Nilikuwa nambeba. Ulikuwa unampa maji haya haya, kila siku, na unasema anakula vizuri."

Mume wangu aliangalia chini. Dirishani jirani alikuwa amesimama na beseni, amesahau alikuwa anakwenda wapi. Mama akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya sanduku lake, na nilivyomwona nilijua nimemchoma mahali ambapo hata mimi sikukusudia kufika. Sikusema samahani. Nilikuwa bado nina haki, na mtu mwenye haki ni mgumu.

"Mama," mume wangu akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza, "kunywa maji kidogo."

"Nyamaza, mkwe," mama akamjibu.

Ndivyo walivyopatana, kama hayo ni mapatano. Kuanzia kesho yake niliweka sheria: anayepika hatoki jikoni, asiyepika anakaa mbele yake, na anayetazama ndiye anayeinamisha kijiko. Hakuna anayekwenda chooni mpaka mtoto ameze la mwisho. Nilimwomba jirani awe anachungulia, kazi ambayo aliipokea kwa mikono miwili. Alinisimulia kila jioni.

"Ongeza unga," mama anasema.

"Nimeongeza."

"Sijaona."

"Vaa miwani, mama."

"Nikivaa miwani nitakuona na wewe, na sitaki."

Mchana mume wangu alidai boga lipite kwenye chujio la chai, na mama akalipitisha, kijiko baada ya kijiko, akimwambia usoni kwamba mwanaume anayeogopa kiazi asingepanda jukwaa. Yai alilichemsha mpaka likawa gumu, akaliponda kwa maziwa likawa laini. Mtoto alikula. Siku ya tatu alianza kupiga meza kwa kiganja kijiko kikichelewa. Siku ya sita alilia bakuli lilipoisha, na wale wawili wakaangaliana, jirani anasema, kama wezi waliosikia mlango.

Mimi nikawa sionekani. Mama aliniwekea chakula mezani kimyakimya, alinikunjia nguo, alinipita mlangoni bila kunigusa. Alikuwa hajapoteza ufundi wake hata kidogo. Nilijiambia sijali, mradi mtoto anakula.

Siku ya kliniki alisema atakuja, alimwambia mkwe wake. Akambeba mtoto mwenyewe njia nzima. Tulimvua nguo, tukamning'iniza kwenye mizani, akapiga mateke mpaka mshale ukakataa kutulia. Nesi aliushika mkanda, akasubiri.

"Saba na mia sita," akasema. Akarudia kusoma. Akachora mstari kwenye kadi, ukapanda. "Mmefanya nini?"

Mume wangu alikuwa ameshafungua mdomo aeleze mambo ya saruji.

"Tumeacha ujinga," mama akasema.

Nesi nusura atabasamu. Akaita namba inayofuata.

Mume wangu akaenda dirisha la pili kuulizia plasta yake. Mimi na mama tukakaa nje kwenye benchi, mtoto mapajani kwake, amelala, mdomo wazi. Nilidhani tungekaa kimya mpaka nyumbani, na nilikuwa nimejiandaa hivyo.

"Kiasi gani?" mama akauliza. Alikuwa anatazama geti.

"Kiasi gani cha nini?"

"Cha unga. Mtoto wa miezi tisa. Ningemtilia kiasi gani?"

Nikaelewa. Nilitamani asiulize.

"Viganja vitatu," nikasema. "Na mafuta."

Akatikisa kichwa, akawa kama anapima mkononi.

"Nilikuwa na kimoja, cha nyumba nzima. Baba yenu alikuwa ameshaondoka. Jirani wa ukuta wa pili alikuwa nao, gunia liko mlangoni, kila mtu analiona. Tulikuwa hatusemeshani. Alianika mashuka yake kwenye kamba yangu, nikayatupa chini, akanitukana, nikamtukana. Miezi minne." Alimfunika mtoto miguu, ingawa kulikuwa na joto. "Ukuta ule ulikuwa wa mbao. Alikuwa anamsikia mtoto analia. Siku moja akaja akagonga mlango. Nilijua ni yeye, najua anavyogonga. Nikakuziba mdomo wewe, usije ukaitika. Sikumfungulia."

Watu walikuwa wanapita mbele yetu na watoto wao na kadi zao. Nilimtafuta mama yule ambaye hajawahi kukosea, nikamwona mwanamke aliyeketi na kiganja wazi gotini.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Sikupaswa kusema vile."

Ndipo akageuka kuniangalia, kwa mara ya kwanza katika siku kumi.

"Ulilosema ni kweli. Kwa hilo usiniombe msamaha," akasema. "Niombe kwa kulisema mbele ya mkwe."

Nikamwomba kwa hilo.